Mwinuko wa Mbulu na Siri ya Damu

Oktoba 20, 1968, jijini Mexico City, giza lilikuwa limeshaingia na Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshatwaa dhahabu ya marathoni, ndipo John Stephen Akhwari wa Tanzania alipoingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji. Mwana huyo wa Mbulu, wilaya ya nyanda za juu kaskazini mwa Tanzania, alishika nafasi ya 57, ya mwisho, kwa saa 3:25:27. Wengine 18 walioanza naye walikuwa wameishia njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu.

Jiji hilo liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Huko mgandamizo wa hewa hushuka, na kila pumzi huingiza oksijeni inayozidi kidogo tu robo tatu ya ile ambayo mtu angeivuta akiwa Tanga, pwani ya Tanzania. Ron Clarke wa Australia, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000, alizimia baada ya kumaliza mbio hizo za mita 10,000, zilizokwenda kwa Naftali Temu wa Kenya. Lakini kuzaliwa nyanda za juu hakukumkinga Akhwari: misuli ilimkaza, kisha akaanguka na kuumia goti na bega.

Mwili una njia mbili za kuishi na hewa nyepesi. Ya kwanza imo kwenye vinasaba, nayo huchukua maelfu ya miaka. Watibeti wana kinasaba kinachozuia damu yao isizidi kuwa nzito. Watu wa milima ya Andes wana himoglobini nyingi na vifua vipana. Waamhara wa Ethiopia waliopimwa kwenye mita zaidi ya 3,500 walikutwa na himoglobini ya kawaida. Njia ya pili mtu huipata akiwa hai: figo hutoa homoni inayoamsha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu, na mtoto anayekulia juu huzoesha mapafu yake mapema.

Huko Mbulu na jirani yake Hanang hali ni tofauti na ya Tibet: Mlima Hanang una urefu wa mita 3,417, ila watu wanaishi chini ya kilele, kwenye vilima na nyanda ambazo hata sehemu zake za juu hazifikii makazi ya Tibet. Kwa mwinuko huo, njia ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, na faida yake huonekana mtu anaposhuka.

Mwaka 1970 Akhwari alikimbia marathoni huko Edinburgh, karibu na bahari, akawa wa tano kwa saa 2:15:05. Februari 2, 1974, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, wakati huo ikiwa ndani ya Mbulu, aliongoza tangu mwanzo huko Christchurch na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1,500: dakika 3:32.2. Gidamis Shahanga wa Hanang alitwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, kisha ya mita 10,000 mwaka 1982. Mwaka 2022 Gabriel Geay wa Manyara alikimbia marathoni ya Valencia, mji wa pwani, kwa saa 2:03:00.

Faida ya namna hii hairithiwi kama ng'ombe. Kila kizazi huijenga upya, na isipokutana na kocha, lishe na mashindano, humsaidia mtu kupanda kilima cha kwao tu. Mbulu na Hanang zinastahili kambi za mazoezi za kudumu, ili mtoto mwenye mapafu hayo apimwe muda wake akiwa bado shuleni.