Sataranji ya Haraka na Madaraja ya Wachezaji

Baada ya Swala ya Alasiri hapa Singida mjini vijana hukaa barazani na ubao wa sataranji ambao askari wake wawili wamepotea, nafasi zao zimechukuliwa na vizibo vya soda. Kila mchezaji hupewa dakika tano, zikahesabiwa kwa simu. Zikimwishia ameshindwa, hata kama kete zake ndizo nyingi. Wakatuuliza: mchezo ambao mnyonge humpiga hodari kwa sababu ya saa tu, si umeshakuwa kama dadu?

Swali hili lina uzito kuliko walivyodhani. Nard, mchezo wa dadu, imekatazwa kwa hadithi sahihi iliyomo katika Sahihi Muslim. Sataranji wanazuoni wametofautiana juu yake. Wengi katika madhehebu mengine matatu waliikataza, ama Mashafii, ambao ndio wengi katika nchi zetu hizi, waliiona ni makuruhu. Hivyo ndivyo alivyoandika Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277) katika Minhaj, na akaongeza kwamba mali ikiwekwa na pande zote mbili, hiyo ni kamari. Hoja yao ni kwamba nard hutegemea dadu, na sataranji hutegemea fikra. Basi fikra ikiondolewa na haraka, hoja nayo imeondoka.

Tukirejea historia tunakuta jambo la kunufaisha. Zama za Bani Abbas palikuwa na mabingwa waliocheza mbele ya makhalifa. Al-Adli alishindwa na ar-Razi mbele ya al-Mutawakkil (232–247 Hijria). Kisha Abu Bakr as-Suli, mwanahistoria na mwalimu wa khalifa ar-Radi, akamshinda al-Mawardi mbele ya al-Muktafi (289–295 Hijria). Huyu si al-Mawardi faqihi, mwenye al-Ahkam as-Sultaniyya. Yule alifariki 450.

Mabingwa hawa waliwapanga wachezaji kwa madaraja. Wa juu kabisa waliitwa aliyat, nao walikuwa wachache mno. Waliowafuatia, mutaqaribat, walitambuliwa kwa kushinda michezo miwili hadi minne katika kumi dhidi ya wale wa juu. Wa chini zaidi waliachiwa kete kabla ya kuanza: firzi, farasi au hata rukh, ili mchezo uwe na maana kwa wote wawili. Vijana wetu hufanya vivyo hivyo kwa saa: hodari huchukua dakika moja, mwenzake tano.

Lililotushughulisha sisi ni ile hesabu ya kumi. Wazee hao hawakumpa mtu daraja kwa mchezo mmoja, kwani walijua hodari naye huteleza.

Hata leo ni hivyo. Januari 2016 Mufti Mkuu wa Saudia wa wakati huo aliikemea sataranji kuwa ni kupoteza muda na huleta uadui. Desemba 2017 mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka yakafanyika Riyadh. Katika yale ya kasi zaidi Magnus Carlsen alikuwa wa kwanza kwa kupata pointi 16 katika michezo 21. Tano zilimponyoka, na bado hakuna aliyesema alipata kwa bahati. Dadu haina bingwa wa namna hiyo.

Lakini barazani kulikuwa na jingine ambalo hawakutuuliza. Kila aliyeshindwa alinunua soda, na tuliona kijana mmoja, mchanga kuliko wote, ndiye aliyenunua karibu kila siku. Kila mmoja aliingia akijua atalipa akishindwa. Hiyo ndiyo mali ya pande mbili aliyoitaja an-Nawawi, iwe dakika tano au saa tano.

Tukawataka wacheze kumi bila soda, yule mchanga na hodari wao. Hodari alishinda nane. Walipokuwa wakipanga kete kwa mchezo wa kumi na moja iliadhiniwa Magharibi, wakauacha ubao hapo hapo.