Mwaka Kogwa: Hesabu Iliyobaki Makunduchi

Katikati ya Julai, wanaume wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huingia uwanjani wamekamata vipande vya mashina ya migomba. Wamegawanyika pande mbili, kaskazini na kusini, na wanachapana kwelikweli. Shina la mgomba limejaa maji. Linauma bila kuvunja mfupa. Aliyekuwa na kinyongo na jirani yake tangu mwaka jana anakitoa hapo mbele ya watu wote, na akitoka uwanjani haruhusiwi kurudi nacho nyumbani. Pembeni wanawake waliovaa kanga zao nzuri wanaimba, na nyimbo zao hazimwonei mtu haya.

Kisha hujengwa kibanda cha makuti. Mtu anaingia ndani, kibanda kinatiwa moto, naye anachomoka mbio moto ukiwa umeshashika. Wazee hutazama moshi unaelekea wapi. Watu huenda baharini kukoga, na ndiko lilikotoka jina lenyewe: mwaka unakogwa, uchafu wa siku zilizopita unaachiwa maji. Sherehe huchukua siku nne, na nyumba isiyopata mgeni wa kumlisha huona imepungukiwa.

Wengi wanaoandika juu ya Mwaka Kogwa huishia kwenye migomba na moto. Mimi naona ajabu kubwa zaidi iko kwenye tarehe.

Sherehe hii ni Nairuzi, jina la Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Lakini Wairani wenyewe husherehekea Nairuzi yao Machi 20 au 21, usiku na mchana vinapolingana. Sasa Makunduchi wameipataje Julai?

Jibu liko katika mwaka wa siku 365 kamili, usioongezewa ile siku ya 29 Februari. Mwaka wa namna hiyo hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne, yaani siku 25 hivi katika karne. Katikati ya karne ya 19, Siku ya Mwaka ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti. Rudi nyuma zaidi, mwishoni mwa karne ya 15, wakati nahodha Mwarabu Ahmad ibn Majid alipoandika kitabu chake cha elimu ya bahari akitaja siku za kusafiri kwa kuhesabu kutoka Nairuzi: siku hiyo ilikuwa Novemba. Endelea kurudi na utafika Juni 632, mwaka alioanza kutawala Yazdegerd wa Tatu, mfalme wa mwisho wa Wasasani wa Uajemi. Hesabu inakubali mwanzo hadi mwisho. Hata leo, Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, wale wanaofuata kalenda ya Kadimi hufungua mwaka wao katikati ya Julai.

Uajemi iliifunga Nairuzi kwenye majira katika karne ya 11, kwa kalenda iliyotengenezwa na wanajimu akiwemo Omar Khayyam. Mabaharia wa Bahari ya Hindi hawakuifuata. Walibaki na hesabu ile ya zamani, na bandari zetu zikabaki nayo.

Zilikuwa na sababu. Kalenda ya Kiislamu, inayofuata mwezi, hupungua siku 11 hivi kila mwaka. Inamwambia mtu lini afunge na lini aswali Idi, ila haiwezi kumwambia mkulima lini masika itaingia, wala nahodha lini kaskazi itageuka kuwa kusi. Kwa hiyo Waswahili waliishi na kalenda mbili bila ugomvi. Ile ya jua waliigawa katika miongo, yaani makumi ya siku, 36 kwa jumla, na siku tano za kukamilishia. Mkesha wa mwaka mpya waliuita kibunzi. Desturi hii ilienea mwambao mzima. Mombasa, Siku ya Mwaka ilikuwa na dua na kuchinja ng'ombe kwenye kaburi la Shehe Mvita.

Watu wengi wa Unguja na Pemba hujiita Washirazi, na jina hilo lilikuwa na uzito wa kutosha kuingia katika jina la chama cha Afro-Shirazi mwaka 1957. Wanahistoria wamebishana sana kama kweli mababu walitoka Shiraz, huko Uajemi. Kalenda haiwezi kuamua ubishi huo, kwani hesabu ya siku inaweza kusafiri na jahazi lolote bila kuhitaji damu. Lakini inatuonyesha jambo ambalo mimi naliona zito kuliko nasaba: watu wa Makunduchi wameitunza hesabu ambayo Shiraz yenyewe iliiacha, wakaitia fatiha, wakaitia mizimu yao, wakaiimbia kwa Kikae, lahaja yao. Uajemi wa humo umekuwa wao kwa sababu wameufanyia kazi kila mwaka.

Siku hizi wageni ni wengi uwanjani, na wanapenda tarehe ya kudumu ambayo wanaweza kuipangia safari. Naomba wasipewe. Tarehe ikigandishwa Julai, ngoma na migomba vitabaki, ila uzi unaotufikisha kwa Ibn Majid utakatika, na hakuna atakayeusikia ukikatika.

Moto ukishazimika na mapande ya migomba yakibaki yamelowa uwanjani, wazee hawapumziki na kazi yao ya kuhesabu. Kesho yake ni siku ya pili ya mwongo wa kwanza.