Achari ya Pilipili Rubwera: Mgeni Aliyegeuka Mwenyeji

Wapo watakaosema achari ya pilipili si chakula cha Rubwera, kwa kuwa ililetwa na wageni. Ni kweli kwamba pilipili ilivuka bahari kutoka Amerika baada ya 1492, na achari ni ufundi wa Bara Hindi. Lakini ndizi nayo, chakula kikuu cha Wanyambo, wenyeji wa Rubwera, asili yake ni Asia. Ufalme wao wa Karagwe haukujifungia kamwe: mpelelezi Mwingereza Speke alipofika kwa Mfalme Rumanika mwaka 1861, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa tayari na kituo humo Karagwe, mahali paitwapo Kafuro, na chumvi ya Ziwa Katwe iliuzwa katika nchi za Maziwa Makuu. Anayeshindilia pilipili, chumvi na ndimu chupani leo anaendeleza desturi hiyohiyo ya kupokea na kumiliki. Achari ihesabiwe urithi wetu.