Sindano za Beijing zilivyokuzwa na uvumi

Julai 26, 1971 gazeti la New York Times lilichapisha habari ya kidole tumbo cha mwandishi wake, James Reston. Habari hiyo ndiyo iliyozifanya sindano za Kichina zizungumzwe Marekani nzima, na hadi leo wapo wanaoisimulia kombo: eti Reston alipasuliwa tumbo jijini Beijing bila dawa ya ganzi, kwa nguvu za sindano peke yake.

Haikuwa hivyo, na aliyeandika ukweli ni Reston mwenyewe. Julai 1971 yeye na mkewe waliingia China kupitia kusini, wakacheleweshwa huko. Alipofika Beijing akaambiwa kwamba Henry Kissinger, mshauri wa Rais Nixon wa Marekani, alikuwa amekuja kwa siri na kuondoka, na kwamba rais huyo angeizuru China. Habari kubwa ya mwaka ilikuwa imemponyoka. Kwa utani wake aliandika kuwa maumivu ya kwanza yalimchoma dakika ileile.

Julai 17 Profesa Wu Weiran alimkata kidole tumbo kwa upasuaji wa kawaida, na ganzi ilikuwa ya kudungwa, ya kizungu kabisa. Sindano za asili zilikuja baadaye, usiku wa pili, tumbo lilipomjaa gesi. Li Chang-yuan, mtaalamu wa sindano wa hospitali alikolazwa, alimchoma sindano ndefu nyembamba kwenye kiwiko cha kulia na chini ya magoti, akazizungusha, kisha akawasha majani makavu na kuyasogeza karibu na tumbo. Kazi nzima ilichukua kama dakika 20. Ndani ya saa moja tumbo lilitulia. Basi.

Lakini msomaji hupenda muujiza kuliko gesi. Nixon alipokwenda Beijing mwaka 1972, sindano zilishavikwa sifa za kutibu kila kitu, na sifa hizo ziliwapa wapinzani wa sindano sababu ya kuzicheka zote kwa pamoja. Mwaka 1997 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilikubali kuwa sindano zinasaidia kupunguza kichefuchefu cha baada ya upasuaji na cha dawa za saratani.

Kwa wagonjwa wa saratani wanaopigwa mionzi, kazi yenye maana ya sindano ilianzia Sweden. Miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Karolinska walitumia sindano kushughulikia jambo dogo lenye mateso makubwa: ukavu wa mdomo. Mionzi ya saratani ya kichwa na shingo huunguza tezi za mate. Mgonjwa hupona uvimbe, lakini tonge halishuki bila maji, meno yanaoza na usingizi unakatika.

Jaribio kubwa lilitoka mwaka 2019, la wagonjwa 399 wa Shanghai na Houston, waliochomwa mara tatu kwa wiki wakati wa mionzi. Mwaka mmoja baadaye, ukavu wa kusumbua ulibaki kwa asilimia 35 hivi ya waliopata sindano halisi, dhidi ya asilimia 55 ya waliopata huduma ya kawaida. Ila kuna kikwazo: sindano za kuigiza, walizopewa wagonjwa wengine ili kulinganisha, nazo zilifanya vizuri kule Houston, na tofauti kati yazo na za kweli haikuthibitika kwa jumla. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 kuhusu ukavu wa mdomo ukaruhusu sindano, kwa tahadhari.

Zanzibar ilianza kupokea madaktari wa China tangu 1964, kwa hiyo sindano hizi si ngeni kwetu. Kinachoudhi ni kwamba huku tunasikia matangazo yanayodai zinaponya saratani yenyewe, jambo ambalo hakuna jaribio lililothibitisha, wakati kazi yazo ya kweli haitajwi. Unayeanza mionzi ya kichwa au shingo, muulize daktari wako kuhusu mate yako kabla ya dozi ya kwanza, na usikubali yeyote akuambie uache mionzi kwa ajili ya sindano.