Gobore katika Unyamwezi

Gobore (wingi: magobore) ni bunduki inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu. Mpigaji humimina baruti, huweka kizibo cha kitambaa au nyuzi, hutia risasi, kisha hushindilia vyote kwa fimbo iitwayo mdeki. Kila mlio hutayarishwa kwa mkono, na baada ya kufyatua kazi huanza upya. Katika Unyamwezi, yaani nchi inayozunguka mji wa Tabora magharibi mwa Tanzania, silaha hii ilienea katika karne ya 19 kwa njia ya misafara ya pembe za ndovu. Ilibadilisha uwindaji, vita na utawala wa watemi.

Muundo na ujazaji

Magobore ya zamani zaidi yalikuwa ya gumegume: jiwe gumu lilipiga chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyowekwa kando ya mtutu, na moto ukapita tunduni hadi ndani. Baadaye zilikuja bunduki za fataki. Fataki ni kikombe kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa na nyundo ya bunduki. Fataki ilisumbuliwa kidogo na mvua na upepo, lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa kwa mtu wa bara: jiwe la gumegume lilidumu kwa milio mingi, ilhali fataki moja ilikuwa ya mlio mmoja tu, nayo ilitengenezwa viwandani Ulaya. Zikiisha, bunduki hubaki kuwa rungu.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Hunyonya unyevu, na ikilowa haiwaki vizuri. Ikiwaka hutoa moshi mzito na kuacha masizi mengi ndani ya mtutu, kwa hiyo baada ya milio kadhaa risasi hupita kwa shida mpaka mtutu usafishwe. Neno risasi lenyewe kwa asili ni jina la metali laini inayoyeyuka kwa moto wa kawaida, ndiyo maana ilikuwa rahisi kuisubu kijijini. Mahali ilipokosekana, watu walitumia vipande vya chuma, shaba au hata kokoto, na mitutu ikaharibika.

Askari wa Ulaya aliyefunzwa vizuri aliweza kupiga milio miwili au mitatu kwa dakika kwa bunduki ya namna hii. Mwindaji wa porini hakuwa na haja ya haraka hiyo, lakini alikuwa na tatizo jingine: tembo aliyejeruhiwa hangoji mtu ashindilie.

Kuenea kwa njia ya misafara

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikavuka pori kavu la Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi kupitia Tura na Kigwa hadi Unyanyembe, ambako wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga makao yao Kaze, karibu na Tabora ya leo. Goweko, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Uyui na kituo cha Reli ya Kati, iko upande huohuo wa mashariki ya Tabora. Richard Burton na John Speke walifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857. Desturi ya misafara ilikuwa kuingia mjini kwa kufyatua bunduki hewani, na wenyeji wakajibu vivyo hivyo. Kwa bidhaa iliyobebwa miezi kadhaa mabegani mwa wapagazi, huo ulikuwa ufujaji mkubwa wa baruti, lakini pia ulikuwa tangazo: msafara huu unayo ya kutosha.

Sababu ya bunduki kuwa nyingi baada ya miaka ya 1860 ilikuwa Ulaya. Majeshi ya huko yalianza kutumia bunduki zinazojazwa kwa nyuma, na mamia ya maelfu ya bunduki za zamani yakauzwa kwa bei ndogo. Sehemu yake iliishia Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, aliandika kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Wanyamwezi walikuwa na chama cha wawindaji wa tembo, Wayege, tangu enzi za mikuki na mitego. Bunduki haikukifuta chama hicho, bali ilimpa nguvu yule aliyeweza kupata baruti. Mtemi alikuwa na haki ya kupewa pembe moja ya kila tembo aliyekufa katika nchi yake, hivyo mtemi mwenye bunduki za kuwaazima wawindaji alipata pembe, na kwa pembe akanunua baruti zaidi. Tembo ndio waliolipa gharama ya mzunguko huo. Katika miaka ya 1870 na 1880 wafanyabiashara wa Tabora walilazimika kutafuta pembe mbali zaidi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Baruti na vita

Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, alifunga njia ya Ujiji na vita kati yake na Waarabu wa Tabora vikaanza. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alikuwa Kwihara wakati huo na alijiunga na upande wa Waarabu. Mwezi Agosti jeshi lao liliteka kijiji cha Wilyankuru, lakini wakati wa kurudi, wakiwa wamebeba mateka na pembe, walishambuliwa na wengi waliuawa. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, na mfanyabiashara mashuhuri Khamis bin Abdallah aliuawa.

Inafaa kuuliza kwa nini upande wenye bunduki nyingi ulishindwa. Sehemu ya jibu imo katika silaha yenyewe. Mtu aliyekwisha kufyatua gobore hana kinga kwa nusu dakika au zaidi, na shambulio la kuvizia kwenye majani marefu humkuta katika nusu dakika hiyo. Wapiganaji wa Mirambo, warugaruga, walichanganya bunduki na mikuki, na walikwenda mbio. Stanley alipokutana naye mwaka 1876, safari hii kama marafiki waliochanjiana damu, Mirambo alimweleza kwamba aliwapenda zaidi vijana kuliko watu wazima katika vita.

Upande wa kusini-mashariki Nyungu ya Mawe, aliyetoka katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, alijenga dola lake katika Ukimbu kwa warugaruga wa namna hiyohiyo, na misafara ya Mgunda Mkali ilimwogopa. Yeye na Mirambo walikufa mwezi mmoja, Desemba 1884. Dola la Mirambo lilidhoofika haraka, lakini la Nyungu lilidumu chini ya warithi wake, wakiwemo wanawake, mpaka Wajerumani walipofika.

Baruti ilimaliza pia utawala wa Isike, mtemi wa Unyanyembe. Wajerumani walijaribu kuiteka ngome yake mwaka 1892 bila kufaulu. Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kilivunja na kuingia. Isike alijifungia katika ghala lake la baruti na kulilipua.

Sheria zilizoliacha gobore mikononi mwa Waafrika

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliotiwa sahihi na mataifa ya Ulaya na mengineyo, ulizuia kuingiza silaha katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba huo uliruhusu kuuza, chini ya masharti, bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida. Bunduki za kisasa zilibaki kwa majeshi ya wakoloni na watu wenye kibali maalumu. Kwa maneno mengine, gobore lilibaki silaha ya Mwafrika kwa sababu sheria ilitaka hivyo, na tofauti hiyo ilionekana waziwazi katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907, magobore yalipokabili bunduki za rashasha.

Bunduki ya mitutu miwili

Wawindaji wa Kizungu walitatua tatizo la tembo aliyejeruhiwa kwa bunduki ya mitutu miwili, iliyowapa mlio wa pili bila kujaza tena. Mwanzoni hata hizo zilishindiliwa kwa mdomoni kama gobore. Mwaka 1898 kampuni ya Rigby ya London ilitoa risasi ya .450 Nitro Express, yenye ganda la shaba na baruti isiyo na moshi, na nyingine kubwa zaidi zikafuata.

Cha kushangaza ni kwamba bunduki hizo za gharama kubwa ziliwarudisha wenyewe kwenye kazi ya mikono. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Kynoch ya Uingereza iliacha kutengeneza risasi hizo kubwa, na wenye bunduki wakaanza kujaza maganda yaliyokwisha kutumika: fataki mpya, baruti iliyopimwa kwa mizani, risasi mpya. Kazi hii haivumilii kukisia. Mitutu miwili hulinganishwa kiwandani kwa risasi ya uzito na mwendo maalumu ili yote ilenge mahali pamoja, hivyo mwendo ukibadilika mtutu mmoja hupiga huku na mwingine kule. Baruti ikizidi, shinikizo linaweza kupasua bunduki usoni mwa mpigaji.

Siku hizi

Magobore yanayopatikana Mkoa wa Tabora leo mengi si ya misafara. Yametengenezwa na wahunzi kwa mabomba ya chuma au rodi za usukani wa magari, vyuma ambavyo havikukusudiwa kuhimili mlipuko. Chuma cha bomba hakipimwi na mtu, baruti ya kujichanganyia haina nguvu ya namna moja kila mara, na mpasuko hutokea karibu na jicho na mkono wa kushoto. Madhara huwa ni vidole, macho au uhai.

Kumiliki silaha nchini Tanzania kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na gobore halikuachwa nje ya masharti hayo. Kwa nyakati mbalimbali serikali imetangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na magobore huwa miongoni mwa zinazoletwa. Magobore hukamatwa pia kwa majangili katika mapori ya magharibi, ambako Ugalla, iliyokuwa pori la akiba, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019. Risasi za viwandani hutengenezwa nchini na Shirika la Mzinga, Morogoro.