Kutoka Majua Sita hadi Nyota Pacha: Historia Fupi ya Mifumo ya Nyota katika Bunilizi za Kisayansi

Mwaka 1941, nchini Marekani, Isaac Asimov alichapisha hadithi fupi ya "Nightfall", ambamo sayari Lagash yenye majua sita hupata usiku mara moja katika miaka 2049. Hadithi hiyo ilishughulikia zaidi hofu ya giza kuliko uthabiti wa njia ya sayari. Mwaka 1999, Matthew Holman na Paul Wiegert walionyesha kwa hesabu kwamba, penye nyota pacha, sayari hudumu ama ikiizunguka nyota moja kwa karibu, ama ikizizunguka zote mbili kwa mbali. Kepler-16b, iliyotangazwa mwaka 2011, ni mfano wa hali ya pili: nyota zake huzungukana kwa siku 41, nayo huzizunguka kwa siku 229, umbali wake ukiwa takriban mara tatu ya ule uliopo baina yao. Hivyo, mtunzi anayebuni majua mawili leo ana kipimo.

Kwa Kiswahili, tatizo si uhaba wa maneno. Unyambulishaji wa kitenzi tayari unatofautisha kujizungusha, kuzunguka na kuzungukana, ilhali nomino "mzunguko" huzifunika dhana zote tatu. Waundaji wa istilahi wakianzia kwenye kitenzi, mtunzi na mwanafunzi watapata usahihi bila kusubiri maneno ya mkopo.