Mafiga Matatu ya Mpiga Picha wa Ndege

Mwezi uliopita nilirudi kutoka Ziwa Naivasha na picha zaidi ya mia mbili za mdiria. Nilipozifungua kwenye tarakilishi nikakuta madoa ya buluu na rangi ya chungwa. Mdiria wa kutambulika alikuwa mmoja tu. Kamera haikuwa na hitilafu, na lenzi ilikuwa nzima. Mkosaji alikuwa stendi ya miguu mitatu, yaani tripodi, niliyoinunua kwa bei ya kutupa baada ya kumaliza pesa zote kwenye lenzi.

Programu ikinisumbua kazini, huwa nasoma historia yake kabla ya kubadilisha chochote: nani aliamua nini, na kwa nini. Safari hii nikafanya vivyo hivyo kwa tripodi.

Tuanze na miguu yenyewe. Mbona mitatu? Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mawili nayo hayatoshi. Lakini ukiweka matatu, hata pahali penye mawe na mashimo, chungu kinatulia. Ni hesabu tu: nukta tatu daima hukaa kwenye bapa moja. Ya nne ndiyo huleta ubishi, na ndiyo maana meza ya hotelini huwekewa karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja. Wapima ardhi walilijua jambo hili zamani, na wapiga picha wa karne ya 19 wakalifuata, kwa sababu bamba zao za kioo zilihitaji sekunde kadhaa za mwanga. Kamera ikitikisika kidogo, kazi imeharibika.

Sasa, ndege hakai sekunde kadhaa kukungoja. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alijaribu kulitatua tatizo hilo kwa kutupilia mbali miguu kabisa. Alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, akawa anailenga begani. Ilipiga picha 12 kwa sekunde moja. Alipata ndege wakiruka, lakini wadogo sana, kama vivuli. Yeye alitaka kujua mabawa yanavyokwenda, hivyo vivuli vilimtosha. Anayetaka kuona unyoya hawezi kuridhika navyo.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1892, ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai karibu na London. Waliona mbali: mayai hayaruki. Mwaka 1895 walitoa kitabu cha viota vya ndege wa Uingereza kilichojaa picha za kamera. Kiota kikiwa juu, walirefusha miguu ya tripodi, na Cherry akapanda mabegani mwa kaka yake ili aifikie kamera. Mwaka 1900 wakatengeneza ng'ombe bandia mwenye tumbo tupu wa kujifichia. Hebu fikiria: mtu ndani ya ngozi ya ng'ombe, amenyamaza, anangoja ndege azoee.

Usicheke bado. Siku hizo, aliyetaka kumjua ndege vizuri alimpiga risasi kwanza. Majumba ya makumbusho yalijaa ngozi na mayai. Tripodi ilileta njia nyingine ya kurudi nyumbani na ndege bila kumwua. Mwaka 1909 tofauti hiyo ilifika hapa kwetu. Theodore Roosevelt alikuja Afrika Mashariki na msafara uliowinda maelfu ya wanyama na ndege kwa ajili ya makumbusho ya Marekani. Cherry Kearton naye alikuwa huku na kamera ya sinema, akampiga picha Roosevelt mwenyewe. Kamera za namna hiyo zilizungushwa kwa mkono, na bila miguu imara filamu yote ingeyumba.

Filamu zilipoongezeka kasi, wengi walidhani miguu mitatu imepitwa na wakati. Kumbe kazi yake ilibadilika tu. Zamani ilisubiri mwanga, sasa ilipambana na ukuzaji. Chukua lenzi ya milimita 500 kwenye kamera ya filamu ya milimita 35. Upana wake wa kuona ni kama digrii 4. Mkono ukiyumba digrii 1 tu, robo ya picha imehama. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 ingehama sehemu ya arubaini hivi. Mtikisiko ni uleule, hasara ni mara kumi. Hapo ndipo nilipokosea Naivasha.

Watengenezaji nao walijibu tatizo hili kwa hatua. Mwaka 1974 Lino Manfrotto, mpiga picha wa magazeti kutoka Bassano del Grappa, Italia, alitoa tripodi yake ya kwanza, nyepesi kuliko stendi nzito alizozichoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 familia ya Wimberley huko Marekani ilileta kichwa kinachoning'iniza lenzi ndefu kama bembea, ukaweza kumfuata ndege angani kwa kidole. Mwaka 1994 Gitzo ya Ufaransa ikatoa miguu ya nyuzi kaboni, mepesi kuliko ya alumini na yenye kutuliza mtetemo upesi.

Halafu mwaka 1995 Canon ikauza lenzi inayotuliza picha yenyewe. Watu wakasema tena: buriani tripodi! Lakini lenzi za kwanza za aina hiyo zilipowekwa juu ya tripodi zilichanganyikiwa. Kihisio kilipokea mtetemo wa mota ya lenzi yenyewe, kikajaribu kuusahihisha, kikazidisha. Waandika programu wenzangu mnaujua mzunguko huo! Dawa ilikuwa kuzima swichi.

Kitu kimoja hakijasumbua mtu muda wote huo: skrubu ya robo inchi, yenye nyuzi 20 kwa kila inchi. Kamera ya babu yako inaweza kukaa juu ya tripodi ya leo. Natamani programu zetu zingeheshimiana hivyo.

Basi nimejifunza nini kabla ya kutoa pesa tena? Kwanza, pima tripodi kwa urefu wa lenzi yako, si kwa uzito wa kamera peke yake. Pili, kichwa kifuate ndege unayempenda: bembea kwa wanaoruka, kichwa cha kawaida kwa mdiria anayevizia samaki. Tatu, usipandishe nguzo ya katikati, maana hapo umegeuza miguu mitatu kuwa mmoja. Nne, uzito uwe ule utakaoubeba kweli. Tripodi nzuri iliyobaki nyumbani haijamsaidia mtu.

Na ukienda mbuga ambako hauruhusiwi kushuka garini, tripodi itakaa kwenye buti siku nzima. Huko shona mfuko wa kitambaa, ujaze maharagwe, uuweke dirishani chini ya lenzi, kisha uzime injini. Kilo mbili za maharagwe zimetulia kuliko ile stendi yangu, na jioni zinapikika.